Corona ilinirudisha kihambani

Ndugu Mhariri,

Tanzania hatukufungiwa ndani kama Uingereza. Lakini mgonjwa wa kwanza alipotangazwa Machi 16, 2020, tena Arusha nilikokuwa nikiishi, shule zikafungwa, na Aprili ndege za kimataifa zikasimama. Sisi tunaokula kwa watalii tulifungiwa vilevile.

Nilikuwa dereva wa watalii, nimepanga vyumba viwili Sakina, choo tunachangia familia nne. Mkiambiwa msikusanyike, mtajitengea wapi? Nikawapeleka watoto kwa bibi yao Kibosho, Moshi, mwishowe nikawafuata. Mimi niliyezoea kupanda mlimani Desemba tu, kula sikukuu na kushuka, nilikaa miezi mitatu. Ndizi, maziwa, parachichi, hakuna wa kunidai kodi. Wanangu walijua kukata majani ya ng'ombe kabla hawajajua kwamba tumefilisika.

Watalii wamerudi, mimi sijarudi Sakina. Nikipata safari nashuka, ikiisha napanda.

Shida ni kwamba kihamba, yaani shamba la ukoo tunaloishi na kulima, hakiongezeki. Chetu kimeshagawanywa kwa ndugu wanne, na hata aliyeko Dar siku hizi anapiga simu kuulizia kipande chake. Kila anayerudi anang'oa migomba na kahawa ajenge nyumba ya vyumba vitano (nami nimeng'oa, sijitoi), na mifereji waliyochimba wazee inafukiwa kwa kokoto. Jirani wa chini yetu hapati tena maji ya kumwagilia, na wiki iliyopita tumeitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu hiyo.

Msomaji wako,
Kibosho, Moshi