Salamu za Noeli na Bonane kutoka Lubumbashi

Ndugu, wazazi, marafiki wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Kamalondo, nanyi mlio mbali, jambo yenu sana! Heri ya Noeli, na Mungu atufikishe Bonane, Mwaka Mpya wa 2025, tukiwa wazima. Wagonjwa wapone, wasio na kazi wapate, wasafiri wafike salama.

Mwaka umetupiga. Ukame uliounguza mahindi ya Zambia umetufuata hadi jikoni, meka, kile kipimo cha unga, tumeinunua kwa uchungu, na bukari, ugali wetu, imepungua sahanini. Wengi watakula sikukuu kwa sombe, majani ya muhogo, peke yake. Sombe si aibu.

Kwetu kuna pengo lingine. Hii ni Noeli ya kwanza bila kambo, mama mzaa mama. Alikuwa Mwislamu wa Kasongo, akaolewa na Mkatoliki aliyetoka Kasai kuja kufanya kazi ya shaba. Ramadhani alifunga yeye, futari tukala sote. Mkesha wa Noeli alitupigia pasi nguo za misa kwa pasi ya makaa, akatuambia: "Muende, muniombee na miye." Akianza sentensi kwa Kiswahili cha Maniema, aliweza kuimaliza kwa Kiluba cha Kasai cha mume wake, na Kifaransa cha wajukuu kikapita katikati. Tulimwelewa bila shida. Hata hii Bonane tunayotakiana ni Kifaransa kilichokaa midomoni mwa wazee kama yeye hadi kikawa chetu.

Jumapili iliyopita tulisali misa kwa ule utaratibu wa kwetu Kongo ambao Roma iliukubali mwaka 1988, wenye ngoma na kucheza. Wahenga wenye moyo mnyofu walipoitwa wawe pamoja nasi, nilimtaja kambo kimoyomoyo. Sikumuuliza padri kama inaruhusiwa. Nililia mbele za watu.

Ndiyo maana nawasihi, ndugu zangu: tusiulizane "kwenu ni wapi" kwa nia mbaya. Mwaka 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai waliozaliwa hapa Katanga walifukuzwa, wakalala kwenye kituo cha treni cha Likasi, wakingoja kupelekwa Kasai wasikokujua. Yalianza kwa maneno, yakaishia kwenye makaburi. Wahubiri, msishike kipaza sauti kuutukana msikiti wa jirani na kuwaita wazee wetu mashetani. Wazazi, mtoto akichanganya lugha msimcheke; mfundisheni Kiswahili sanifu, lakini msimfanye aone haya kwa kinywa cha kambo yake. Mungu aliyezaliwa zizini hakuwabagua wachungaji wala mamajusi wa mbali. Tutamwambia nini sisi, tukifunga mlango?

Wetu utakuwa wazi siku ya Noeli, na majirani wa msikitini wameshaalikwa. Pilau ya kambo ataipika yaya, ndugu yangu mkubwa. Mdalasini tumeukuta kwenye kikopo chake, umebaki nusu.