Tatizo la mjengo ni anayelipa, si Mganda

Mhariri,

Msomaji wako aliyetaka vijana kutoka Uganda wafukuzwe kwenye mijengo ya Kisumu, kwa madai kwamba wanashusha ujira na kutujazia hospitali, amegusa kidonda cha kweli, ila amemkamata asiye na hatia.

Alfajiri pale Kondele vibarua huwa wameshajipanga na makarai yao. Gari la mwenye kazi likisimama, hakuna anayeulizwa kitambulisho. Swali ni moja: "Unaenda na ngapi?" Mwenyeji anasema mia nane. Kijana aliyevukia Busia, asiye na ndugu wala pa kulala, anasema mia nne, na ndiye anayepanda. Yule aliyeachwa barabarani usimhubirie undugu wa Afrika Mashariki siku hiyo.

Wapo wasomi wanaosema wageni hawashushi mishahara. Hupenda kutaja Miami, ambako mwaka 1980 Wacuba wapatao 125,000 waliingia Marekani kwa mashua, wengi wakabaki mjini humo. Mchumi David Card, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, hakuona ujira wa wenyeji ukishuka. Baadaye mchumi mwingine, George Borjas, akazirudia takwimu, akawatenga wanaume wasiomaliza sekondari, akasema ujira wao ulianguka kwa asilimia 10 hadi 30. Wenzake wakambishia kwamba aliowahesabu ni wachache mno. Siwezi kuwaamulia, lakini najua wastani wa mji mzima unaweza kutulia huku mbeba zege akiumia.

Sasa, hiyo mia nne nani kairuhusu? Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama katika malipo kwa sababu ya uraia wake. Sheria yetu ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inasema vivyo hivyo. Tena Kisumu imewekwa kundi moja na Nairobi na Mombasa katika kima cha chini cha mshahara, na mia nne kwa siku haikaribii hapo. Kumfukuza Mganda hakutaongeza hata shilingi. Mwenye kazi atamtafuta mwingine mwenye njaa, hata awe wa mtaa wetu wa Nyalenda hapa Kisumu.

Kuhusu madai kwamba wageni wanatujazia hospitali, tuulize bili inatoka wapi. Kibarua akianguka kutoka ghorofani, sheria inamtaka mwajiri awe amemkatia bima ya ajali kazini. Mara nyingi hana. Na ile asilimia 2.75 ya SHA (bima ya afya ya serikali) inayokatwa kwenye mishahara tangu Oktoba 2024 haimfikii mtu ambaye jina lake haliko kwenye daftari lolote, awe Mkenya au mgeni. Majeruhi anaishia hospitali ya umma, gharama tunabeba sisi, na mwenye jengo anaendelea kupandisha ghorofa.

Maafisa wa leba wasikae ofisini wakingoja malalamiko. Waende Jumamosi alasiri, saa ya malipo, wadai kuona daftari. Waanze na maghorofa. Mwenye nyumba ya vyumba viwili anaweza kungoja.

Fundi mwashi,
Kisumu