Muhula mzima sijacheza hata hatua moja

Seoul, 24 Novemba 2024

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Siku ile pale kwenye uwanja wa ndege ulinicheka sana, eti naenda chuo kusomea kukata viuno Kikorea. Basi nikwambie, muhula mzima sijacheza hata hatua moja. Nasoma mikataba ya wanamuziki wa huku.

Unawakumbuka TVXQ, wale waimbaji vijana watano wa Korea ambao dada yako aliwabandika ukutani? Mwaka 2009 watatu kati yao walikwenda mahakamani kuupinga mkataba wa miaka 13 na kampuni yao. Kumi na tatu, Zuhura! Mwaka huohuo tume ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara ikatoa mkataba wa mfano, ukomo miaka 7. Ndiyo maana vikundi vingi vikikaribia mwaka wa saba vinaanza kupukutika. Na sisi tulivyolia tukidhani wamegombana!

Lakini kilichotukalisha darasani hadi usiku wiki hii ni habari ya Hanni, mwimbaji wa kikundi cha wasichana cha NewJeans. Mwezi uliopita, akiwa na miaka 20, alikwenda bungeni kueleza kwamba anaonewa kazini, akaishia kulia mbele ya wabunge. Jumatano Wizara ya Kazi ikajibu: sheria ya kumlinda mfanyakazi dhidi ya uonevu haimhusu, kwa kuwa yeye si mfanyakazi. Hana saa maalumu za kuingia na kutoka, hapokei mshahara bali mgawo wa faida, na kodi analipa kama mfanyabiashara.

Mwalimu akauliza, "Sasa ni nani?" Kimya. Mimi na Kikorea changu cha kuokoteza nikanyoosha mkono. Nikawaambia kwetu iliwahi kuwapo bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA Jazz, tangu 1964, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa kulipwa mshahara, vyombo mali ya chama. Mwalimu akavua miwani. Akataka nirudie jina, nikamwandikia ubaoni. Siku hiyo nilitembea kifua mbele mpaka bwenini.

Huko bwenini ndiko kuna vituko. Mwenzangu wa chumba amenunua albamu moja nakala sita, anatafuta picha ya kijana mmoja, maana kila pakiti ina picha ya mmoja wa wanakikundi na huwezi kujua utaangukia ipi. Hatuna hata mashine ya kuchezea hizo CD. Ameniwekea moja chini ya kikombe changu cha chai. Picha hakuipata, anataka kununua mbili nyingine. Nimemsema, kisha nikakumbuka nauli zangu za daladala nilizokuwa nabana ninunue vibandiko pale Kariakoo, nikanyamaza.

Sasa shida yangu. Mwalimu anataka insha ya kulinganisha, na mimi nilijigamba kabla sijajua undani. Niulizie babu yako, alipokuwa anapuliza tarumbeta kwenye ile bendi ya shirika: alikuwa na likizo? Akiugua nani alimlipa? Alipoondoka alipewa kiinua mgongo, au aliambiwa ahsante tu? Mrekodi kwa simu, umwache aongee anavyotaka, hata akianza kuwasema wapiga gita. Nitumie kabla ya tarehe 5.

Mama mpe shikamoo yangu.

Ni mimi,
Mwanaidi