Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shughuli za 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Nawasalimu nyote, mliofika ukumbini na mtakaoisoma taarifa hii nyumbani. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha leo, na nawapa pole wenzetu waliofiwa mwaka jana. Chama chetu cha wakusanyaji wa sarafu kongwe za Uingereza na wapenzi wa santuri hapa Birmingham kimemaliza mwaka kikiwa hai. Naomba hilo liandikwe kwenye kumbukumbu kabla ya jambo lingine lolote, maana mwezi wa Machi wapo waliosema hakitafika Desemba.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia upesi. Vikao vya Jumamosi ya mwisho wa mwezi vilifanyika vyote isipokuwa cha Agosti. Tulikwenda soko la sarafu pale Makumbusho ya Taifa ya Pikipiki, na basi dogo nililitafuta mimi. Somo la kutambua madini lilirudiwa kwa ajili ya wageni: sarafu nyeupe za hadi 1919 zina fedha asilimia 92.5, za 1920 hadi 1946 zina asilimia 50, na kuanzia 1947 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Tulikuwa pia na jioni ya peni za Birmingham. Peni za 1912, 1918 na 1919 zenye herufi H kando ya mwaka zilipigwa mjini kwetu hapa, kiwanda cha Heaton, barabara ya Icknield, na zenye KN za 1918 na 1919 zilitoka kiwanda cha King's Norton, hukuhuku Birmingham. Zenye KN ni adimu zaidi, kwa hiyo msiziachie kwa bei ya peni za kawaida.

Jambo moja siwezi kulipita upesi. Mwanachama alileta peni ya Malkia Victoria, ya zile za shaba nyeusi zilizoanza 1860, akiwa ameisugua kwa siki na magadi mpaka inang'aa. Aliifanya kwa mapenzi, sikumlaumu mbele za watu. Lakini nasema tena, na nitaendelea kusema nikiwa kwenye kiti hiki au nje yake: sarafu kongwe haisuguliwi. Ule weusi umekaa miaka mia na zaidi, na ukishaondoka haurudi. Mnunuzi anayejua kazi yake akiona mikwaruzo ya kitambaa hukurudishia sarafu yako bila hata kutaja bei.

Sasa nije kwenye suala la nusu krauni, yaani sarafu ya zamani ya shilingi mbili na peni sita, ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo.

Kwa wasiojua, chama kilikuwa na mfuko wa nusu krauni 165 tulioachiwa na mzee wetu mmoja alipohamia Mombasa. Mfuko huo ulikaa kabatini miaka mingi. Haukuwahi kuonyeshwa, haukuwahi kuhesabiwa, na sikumbuki mwanachama hata mmoja aliyeomba ufunguo wa kabati akautazame. Mwezi wa Mei kamati iliuza nusu krauni 142 kutoka mfuko huo kwa pauni 690, na kwa pauni 575 tukanunua mashine ya santuri yenye mwendo wa 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, amplifaya, spika mbili na sindano mbili. Tangu hapo nimesikia kwamba mwenyekiti ameuza urithi, kwamba mwenyekiti amewapendelea watu wa muziki, na hata kwamba mwenyekiti amevunja sheria ya nchi. Nitajibu yote.

Kwanza, utaratibu. Kikao cha Machi kiliitishwa kwa ajili ya suala hili na ajenda ilitumwa kwa kila mmoja. Akidi yetu ni wanachama 16. Walikuja 9. Tukaahirisha kwa wiki mbili, tukakutana nyumbani kwa mhazini ili kuokoa kodi ya ukumbi, wakaja 11. Katiba yetu inasema akidi ikikosekana mara mbili mfululizo kamati itaamua. Kamati ikaamua. Wenye malalamiko makali zaidi leo majina yao hayamo kwenye daftari la mahudhurio la siku zote mbili, na daftari hilo liko hapa mezani. Asiyekuwepo na lake halipo.

Pili, tuliuza nini? Kabla ya sarafu hata moja kutoka, mimi na katibu tulikaa na mfuko mzima, sarafu kwa sarafu, tukiwa na mizani na kioo cha kukuzia. Tulitenga 12 za kabla ya 1920. Tuliitafuta ya 1905, ambayo kila mkusanyaji wa sarafu za mfalme Edward VII huiota, haikuwamo. Tulitenga mbili za 1925 na moja ya 1930, kwa kuwa miaka hiyo zilipigwa chache. Tulitenga 8 za 1947 na kuendelea, ambazo hazina thamani ya madini. Zote hizo 23 zimerudi kabatini, nimeziweka kwenye vibao vyenye majina na miaka, tofauti na zilivyokuwa. Hizo 21 mlizokuwa mkisikia zinatajwa mitaani kwamba "zimepotea" ni porojo. Yeyote anaweza kuhesabu leo baada ya mkutano, na atazikuta 23 wala si 21.

Hizo 142 zilikuwa za wafalme George V na George VI, za miaka ya kawaida, nyuso zimelika mpaka nywele za mfalme hazionekani. Nusu krauni nzima ina gramu 14 na kidogo, nusu yake ndiyo fedha. Kwa uchakavu, zote pamoja hazikufika kilo mbili. Mnunuzi mmoja mmoja hazitaki, na zina bei ya uzito tu. Nilizunguka kwa wauzaji kadhaa, kwa gari langu na petroli yangu, nikachukua bei ya juu kuliko zote. Ni kweli bei ya fedha ilipanda baadaye, mwezi wa Oktoba. Aliyekuwa akijua mwezi wa Mei kwamba itapanda hakutuambia.

Tatu, sheria. Sheria ya Sarafu ya 1971 inakataza kuyeyusha bila kibali sarafu ya Uingereza inayotumika, au iliyoacha kutumika baada ya Mei 1969. Nusu krauni iliacha kutumika mwisho wa mwaka huo wa 1969, kwa hiyo katazo linaigusa. Mwanachama aliyeleta hoja hiyo ameisoma vizuri na nampongeza. Ila katazo ni la kuyeyusha na kuvunja. Kuuza na kununua ni halali, na sisi tulimuuzia mfanyabiashara wa sarafu ambaye huziuza kwa wakusanyaji wengine zikiwa nzima. Risiti ipo kwa mhazini.

Nne, watu wa muziki. Ndugu zangu wa sarafu, mimi ni mtu wa sarafu tangu ujana wangu, hakuna atakayeniambia sizipendi. Lakini tulikuwa na wazee wanaokuja na santuri za taarabu za 78, zile nzito za shelaki zinazovunjika zikianguka, nasi tukawa tunawasikilizisha muziki huohuo kwa simu na spika ya bluetooth. Wakati mmoja kijana aliwahi kujaribu kuicheza mojawapo kwa mashine yake ya LP, zile santuri za baadaye za plastiki. Sindano ya LP ni nyembamba mno kwa mifereji ya santuri ya 78, hukwaruza chini kabisa na kutoa mvumo mtupu, na zaidi ya hayo mashine yake haikuwa na mwendo huo. Niliuona uso wa mwenye santuri siku ile. Ndiyo maana tukanunua sindano mbili.

Na matokeo mliyaona wenyewe, mliokuwapo. Kikao cha Septemba nilikiandaa mimi: santuri na sarafu meza moja. Tulizungumzia Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, wakati Unguja bado inatumia rupia. Shilingi ya Afrika Mashariki iliingia huko 1936. Nikaweka mezani rupia ya Mombasa ya 1888, ambayo chini yake ina H ileile ya Heaton iliyo kwenye peni za 1912. Nikaweka pia senti kumi ya 1936 yenye tundu, yenye jina la Edward VIII. Hapa Uingereza hakuna sarafu ya mfalme huyo iliyotolewa itumike madukani, maana alijiuzulu Desemba 1936 kabla sura yake haijatoka. Kwetu ilitoka, kwa sababu sarafu yenye tundu haihitaji sura, jina linatosha. Bibi zetu walinunulia chumvi jina la mfalme ambaye Waingereza hawakupata sarafu yake. Wageni Waingereza waliokuja siku ile waliishika ile senti kumi mmoja baada ya mwingine, na santuri inaimba nyuma yao. Walihudhuria watu 23, idadi kubwa kuliko kikao kingine chochote cha mwaka. Nawauliza wanaosema muziki unaua sarafu: kikao gani cha sarafu peke yake kimewahi kufika 23?

Fedha. Tulianza na pauni 118. Ada 552, michango 75, mauzo ya nusu krauni 690, jumla 1,435. Ukumbi ulikula 440, mashine na vifaa vyake 575, chai 126, basi 140, vibao na posta 47, jumla 1,328. Zimebaki pauni 107. Angalieni vizuri: katika mauzo ya nusu krauni zilibaki pauni 115 baada ya mashine, na ndizo zilizoziba pengo la ukumbi. Bila hizo leo tungekuwa tunadaiwa.

Pengo hilo lilitoka wapi? Tuko wanachama 46. Ada ni pauni 24 kwa mwaka, yaani pauni mbili kwa mwezi. Waliolipa yote ni 19, waliolipa nusu ni 8, na 19 hawakulipa hata peni. Deni la ada ni pauni 552, sawasawa kabisa na tulichokusanya. Nimepiga simu, nimetuma ujumbe, nimewafuata wengine msikitini na kanisani. Nimeambiwa nitalipa kesho na watu ambao wiki hiyohiyo walinionyesha krauni mpya waliyoinunua. Inaniuma, kwa sababu anayelipa ni yuleyule kila mwaka, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo.

Mahudhurio nayo ni hivyohivyo. Ukiondoa Septemba, tulikuwa watu tisa hadi kumi na wanne. Kikao cha Novemba mhadhiri aliyetoka mbali kutueleza sarafu za Jubilii ya Malkia Victoria ya 1887 alikuta viti vitupu, nami nikamwomba radhi kwa niaba yenu.

Kwa mwaka huu tunatarajia, Mungu akijalia, safari ya Llantrisant, Wales, kuona kiwanda cha serikali cha sarafu, na maonyesho madogo ya sarafu za Afrika Mashariki zilizopigwa Birmingham, pengine katika maktaba moja. Kuna wazo la kuzirekodi santuri za wazee kabla hazijavunjika. Tutaangalia uwezo.

Nafasi ya mwenyekiti iko wazi kwa uchaguzi leo, na mimi nagombea. Mwenye deni la ada hapigi kura, hilo ni la katiba. Mhazini ameketi mlangoni na daftari lake, na atapokea malipo mpaka saa nane kamili.

Mwenyekiti