Barua kwa Mwanangu Mchoraji

Mwanangu mpenzi Rehema,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya. Sisi huku Tanga hatujambo, na shangazi yako anakusalimu sana. Kaka yako amenionyesha kwenye simu yake ile picha uliyoichora ya mama anayekaanga vitumbua pale Soko la Mgandini, pamoja na maoni ya watu yaliyoandikwa chini yake, nami nimeyasoma yote hadi mwisho. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, na ndiyo maana nimeona nikuandikie kwa kirefu badala ya kukupigia simu.

Kwanza kabisa, nakuomba uzipokee sifa hizo. Nakujua: mtu akikusifu, unainamisha kichwa na kusema kwamba kazi yenyewe bado haijafika popote. Usiwajibu hivyo watu waliokuandikia. Mtu asiyejua ukoo wako, ambaye huenda alikuwa amesimama ndani ya daladala huku ameshika simu kwa mkono mmoja, akaacha kupitisha picha nyingine ili aandike "hongera dada, una kipaji", amekutendea wema. Wema hujibiwa kwa asante, si kwa kumthibitishia aliyeutenda kwamba amekosea kukusifu.

Hata hivyo, maoni yale si ya aina moja. Walioandika "umetisha", "mashallah" na "kazi safi" ni kama waliopita mlangoni na kukupigia hodi wakakujulia hali, na kwetu salamu si jambo dogo. Lakini salamu haikuelezi lolote kuhusu picha yenyewe. Wapo wawili ambao kwa maoni yangu waliingia ndani wakaketi. Mmoja ni yule dada aliyesema yuko Muscat, ambaye hakutaja kipaji hata kidogo. Aliandika kwamba alipoiona kanga ilivyofungwa kifuani, ncha moja ikiwa imechomekwa ndani na nyingine ikining'inia kidogo, alimkumbuka bibi yake akikaanga alfajiri kabla ya watoto kwenda madrasa. Amekueleza picha yako imemfanyia nini, na hilo huwezi kulijua wewe mwenyewe hata ukiitazama picha hiyo usiku kucha.

Mwingine ni yule aliyeuliza, kwa adabu sana, kwa nini mkono ulioshika kijiti cha kugeuzia vitumbua umeuchora kwa makini hadi mishipa inaonekana, ilhali kikaango umekiacha kama duara tupu. Nilirudi kuitazama picha nikaona amesema kweli. Kikaango cha vitumbua kina vile vishimo vyake, na kila kishimo kina hali yake: kimoja unga umemiminwa sasa hivi na bado ni mweupe, kingine kimeanza kuumuka pembeni, kingine kimegeuzwa na kuwa na rangi ya hudhurungi. Nimeona hukumjibu mtu huyo, na nahisi ulidhani anakukosoa. Mwanangu, huyo ndiye aliyekaa na picha yako muda mrefu kuliko wote. Mjibu.

Sasa niseme linalonitia wasiwasi. Tangu picha ile ipendwe, umeweka nyingine kadhaa, na zote ni za akina mama wanaopika, wote wakiwa wameelekea upande uleule, wote wamefunga kanga vilevile. Ile ya mzee fundi baiskeli uliyoianza wakati wa likizo sijaiona tena. Mkono wa mchoraji hufuata unakopigiwa makofi, na makofi ya watu wema huvuta kwa nguvu zaidi kwa sababu hakuna anayetaka kuyakimbia.

Unamjua Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huku kwetu Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Hakusomea uchoraji popote. Mwaka 1968 alianza kuchora juu ya vipande vya ubao kwa rangi za kung'aa, zile za kupakia baiskeli, na picha zake zikauzwa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, ambako wanunuzi wengi walikuwa wageni. Alifariki mwaka 1972, na vijana aliowafundisha wakauendeleza mtindo wake hadi ukawa maarufu duniani. Lakini ukipita leo kwenye maduka ya picha utakutana na twiga yuleyule na tembo yuleyule, ukuta baada ya ukuta, kwa kuwa ndio wanaopendwa na wanunuzi. Siwalaumu wachoraji wale hata kidogo. Wana kodi ya kulipa na watoto wa kusomesha, na anayekula kwa brashi yake hana budi kumsikiliza mnunuzi. Wewe unasomea uhasibu, na jioni unachora kwa ridhaa yako tu. Hakuna atakayelala njaa kwa sababu picha yako imepata alama chache za moyo, na uhuru huo wachoraji wengi wenye majina makubwa hawakuwahi kuupata.

Kwa hiyo mmalizie yule fundi baiskeli, na usisahau ile miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Nawe unapotazama picha za wachoraji wenzako, usiishie kwenye "hongera" peke yake. Mtajie mwenzako kitu kimoja ulichokiona katika picha yake, kama yule wa kikaango alivyokufanyia wewe.

Nimekutumia fedha kidogo kwa simu kwa ajili ya karatasi. Nunua zile nzito, kwa maana katika picha ya vitumbua nimeona wino ulivyosambaa penye kivuli cha meza. Kaka yako amenifungulia akaunti, hivyo utakapomweka fundi baiskeli mtandaoni nitaandika maoni yangu chini yake pamoja na watu wengine.

Ni mimi mama yako akupendaye.