Barua ya Malalamiko: Kishada cha Nguvu Kilichouzwa kwa Mtu Anayeanza Bila Mikanda ya Usalama

Jambiani,
Mkoa wa Kusini Unguja.
1 Agosti 2024

Meneja wa Mauzo,
Duka la Vifaa vya Michezo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SETI YA KISHADA CHA NGUVU ISIYOLINGANA NA TANGAZO LENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu. Mwezi Juni mwaka huu nilinunua kwenu seti ya kishada cha nguvu kwa wanaoanza, yaani tiara kubwa ya kitambaa inayoshika upepo na kumvuta anayeirusha, kwa shilingi 690,000, na ninaandika kulalamika kwamba mlichoniletea sicho nilichokilipia, na kwamba tofauti hiyo imeniumiza mimi na nusura imuumize mtu asiyehusika kabisa na manunuzi yetu. Mzigo ulichelewa siku tisa. Hilo nimelisamehe na sitalirudia.

Tangazo lenu liliahidi kishada cha mita za mraba 2.5, nyuzi nne za mita 20 zenye urefu sawa, vishikio viwili, mikanda miwili ya usalama ya kuvaa mkononi, kigingi cha kukifunga kishada chini kinapopumzishwa, na maelekezo kwa Kiswahili. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nia yangu ilikuwa kujifunza kwanza mwenyewe, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, kisha kuwafundisha vijana wa hapa, na tukishaiva tutafute kigari cha magurudumu matatu kinachovutwa na kishada. Jirani zetu wa Paje wanapokea wageni kutoka kila pembe ya dunia wanaokuja kuteleza juu ya maji kwa vishada, lakini mchezo huo una gharama ambazo kijana wa kijijini hazimudu. Mchanga mgumu unaobaki wazi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa, hauna kiingilio. Ndiyo maana nilijibana miezi minne kupata fedha hiyo.

Katika mzigo niliopokea hamkuwa na mikanda ya usalama, hamkuwa na kigingi, na maelekezo yalikuwa karatasi moja ya picha isiyo na neno hata moja la Kiswahili. Nilipiga simu dukani siku hiyo hiyo. Kijana wa mauzo alinijibu kwa upole kwamba mikanda huuzwa peke yake na kwa sasa imekwisha, kwamba kishada hicho ni sawa na tiara tulizorusha utotoni, na kwamba ningekizoea. Nilimwamini, kwa sababu nilidhani anayeuza kifaa anakijua. Hapo nami nilikosea, na sitalificha kosa langu. Ila mwanafunzi hukosea kwa kutojua, na muuzaji hana udhuru huo.

Jumanne tarehe 23 Julai, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nilitoka kwenda ufukweni mnamo saa nne asubuhi. Kusi lilikuwa likivuma kwa utulivu, na kipima upepo changu kilisoma kati ya kilomita 18 na 24 kwa saa, upepo ambao kishada cha mita 2.5 kinampa anayeanza mvuto anaoweza kuusimamia. Nilikiinua kishada pembeni, mahali ambapo mvuto ni mdogo, kama nilivyokuwa nimejifunza. Kilipanda vizuri mpaka utosini, kisha kikaanza kulala kushoto bila mimi kukiamuru, kikashuka katikati, mbele yangu kabisa, mahali ambapo upepo unakijaza chote. Nilinyanyuliwa, nikaangukia kifua, nikaburutwa juu ya mchanga hatua zisizopungua ishirini huku nikiwa bado nimeshika vishikio.

Mbele yangu, upande upepo ulikoelekea, palikuwa na kina mama wawili wakivuna mwani. Mmoja wao alinipigia kelele, "Achia, mwalimu! Achia!" Nikaachia. Kishada hakikuanguka. Kiliondoka na nyuzi zote nne na vishikio vyake, vikipigapiga hewani, moja kwa moja kuelekea kwa mama yule yule aliyekuwa akinionea huruma. Aliinama. Kishikio kimoja kilimpita juu ya kichwa, kikanasa kwenye vijiti vya shamba lake la mwani na kukata kamba tatu zilizokuwa zimefungwa mbegu.

Ninaomba muielewe hatua hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Katika kishada cha nyuzi nne, nyuzi mbili za juu hubeba mvuto na mbili za chini ni breki. Mikanda ya mkononi huunganishwa na zile za breki, ili mtu akiachia vishikio mvuto wote uhamie kwenye breki, kishada kikunjamane na kushuka chini kikiwa bado kimefungwa kwa mwenyewe. Asiye na mikanda hubakiwa na njia mbili tu: ashikilie aburutwe, au aachie awarushie wengine hatari. Kifaa cha namna hiyo hakistahili kupewa mtu anayeanza, na kuiita mikanda kitu cha kununua baadaye ni sawa na kuuza baiskeli ya mtoto na breki zake mbali.

Nilipokikusanya kishada ndipo nilipoona jambo la pili. Mfuko wake umebandikwa stika yenu iliyoandikwa 2.5. Lakini kwenye ukingo wa nyuma wa kishada chenyewe, karibu na mshono wa kati, kuna kipande kidogo cha kitambaa cheupe kilichoshonewa kiwandani, na juu yake imeandikwa 5.0. Nilikipima kwa futi ya fundi cherehani, na ni kweli. Kwa upepo ule ule, eneo likiwa maradufu mvuto nao huwa maradufu. Na upepo wenyewe ukiongezeka maradufu, mvuto huongezeka mara nne. Hilo si tiara ya utotoni. Mwalimu mwenzangu wa karne ya kumi na tisa, George Pocock wa Bristol huko Uingereza, alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya gari la abiria linalovutwa na vishada mwaka 1826, kwa hiyo duniani si siri kwamba kitambaa angani huweza kukokota watu.

Tatu, nyuzi. Nilifunga ncha zake kwenye msumari mmoja niliopigilia kwenye mnazi, nikazivuta zote pamoja hadi mwisho. Uzi wa breki wa kushoto ni mfupi kwa sentimita 14. Uzi mpya huweza kurefuka kidogo ukitumika, lakini huu ulikuwa umerushwa dakika chache tu, na sasa ninajua kwa nini kishada kililala kushoto.

Kifundo cha mkono wangu wa kulia kimeteguka, na mama wa mwani nimemlipa shilingi 30,000 kwa kamba na mbegu zake.

Ninaomba mnirudishie shilingi 690,000 pamoja na hizo 30,000, au mniletee seti kamili kama mlivyoitangaza, ikiwa na mikanda ndani ya mfuko, na mnilipe fidia ya mwani. Zaidi ya hayo, na hili ninalisisitiza kuliko fedha yangu, ninaomba muwapigie simu wote walionunua seti hii, muwaambie wasiirushe kabla ya kusoma kitambaa cheupe na kupima nyuzi, na muondoe neno "wanaoanza" kwenye tangazo hadi mikanda iwe sehemu ya seti. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka suala hili kwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji.

Nimeambatisha stakabadhi, picha ya stika na ya kitambaa kilichoshonewa, na picha ya nyuzi nne zikiwa zimevutwa kwenye mnazi. Kishada ninacho nyumbani, kimekunjwa, na mtu wenu anaweza kuja kukikagua siku yoyote baada ya saa tisa alasiri.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu,
Mwalimu, Jambiani