Safari ya jangwani isipangwe Julai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaase wazee wenzangu wa Tanga ambao, kama mimi, wamealikwa na watoto wao Marekani kuzunguka hifadhi za jangwani kwa gari lenye vitanda na jiko. Mwanangu alipanga tuanzie Chicago mwezi Julai, tukamalizie Death Valley, bonde la jangwa huko California. Nilimjibu kwamba joto letu la Februari, ambalo walau hupozwa na upepo wa bahari, halilingani na la bonde lile, ambako mwaka 1913 zilipimwa nyuzi 56.7 za Selsiasi. Sasa tunakwenda Novemba. Maji tumekadiria lita nne kwa kila mtu kwa siku, mbali na ya kupikia, na tangi la mafuta tutalijaza kila tupatapo kituo, kwa kuwa huko vituo vimeachana sana na simu mara nyingi hazishiki mtandao. Mwanangu anasema nina woga, huenda. Ila Mkomazi, hifadhi kavu ya hapa kwetu yenye faru weusi, bado hajaikanyaga.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga